Kabula na Ukuta wa Wapagazi

Kuna wasomi ambao ukiwauliza kosa lao kubwa hutazama dari. Kabula Ngassa si wa hao. Ingia darasani kwake siku ya kwanza ya muhula na utamkuta profesa mzima ameanza na kosa lake, tena analieleza kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Wanafunzi wapya humwonea haya. Hawajui bado kwamba mama huyu ana kila haki ya kuringa.

Somo lake ni balagha, yaani ufundi wa kusema mbele za watu mpaka wakasadiki. Ndani ya balagha amejichagulia kipande ambacho wengi hukipita haraka: maneno ya kuwakumbuka waliokufa. Wasifu wa marehemu unaosomwa msibani, maandishi ya makaburini, hotuba za kuzindua minara, hayo ndiyo mashamba yake. Baba yake, mzee Ngassa, aliyeswaga ng'ombe wake kutoka Usukumani hadi bonde la Kamsamba mwanzoni mwa miaka ya themanini, alikufa bila kuielewa vizuri kazi hiyo. Wafugaji wenzake walipomuuliza binti yake anasomea nini, alijibu, "Anasoma makaburi," nao wakampa pole.

Kabula alipanda kutoka bondeni kwenda shule ya sekondari ya bweni huko Mbozi mwaka 1985, akiwa na sanduku la bati na sweta moja lisilofaa kitu kwa baridi ya huko. Mvua zikikolea, mito ya njiani ilijaa na barabara ya kwao ikakatika, kwa hiyo likizo nyingi alizimalizia kitongojini Nanyala kwa mama Tabita, mjane mkulima wa kahawa aliyekuwa na binti darasa moja naye. Mama Tabita alimpokea mtoto wa watu kama wake, akampa jembe kama wake, na alipoona mwandiko wake ni mzuri akampa na kazi nyingine: kuandika wasifu wa marehemu kila palipotokea msiba. Msichana wa miaka kumi na saba akawa anakaa jikoni na wafiwa, anauliza marehemu alizaliwa lini, alipenda nini, ameacha nani. Alijifunza mapema kwamba watu humwambia mwenye kalamu mambo wasiyomwambia mchungaji. Alijifunza pia kwamba marehemu wote walikuwa wakarimu na wacheshi, hata wale waliokuwa wakifukuza watoto wa jirani kwa mawe.

Ni jikoni humo alimosikia habari za wapagazi. Wakati wa vita ya kwanza ya Wazungu jeshi lilipita likachukua wanaume ishirini na watatu wa kitongoji kile, wote wa ukoo mmoja, wakabebe mizigo. Hakurudi hata mmoja. Hapakuwa na kaburi wala barua, na hakuna aliyejua walilala wapi. Kila msiba, kabla ya wasifu kusomwa, mzee mmoja alisimama akasema, "Na wale ishirini na watatu," watu wakanyamaza kidogo, kisha shughuli ikaendelea. Kabula hakulipenda jambo hilo. Aliona ni dhuluma kumkumbuka mtu kwa idadi, kama gunia.

Kwa hiyo alipokuwa Dar es Salaam akisomea shahada ya pili, hakuhangaika kutafuta mada. Alirudi Nanyala mwaka 1994 na kinasa sauti cha kuazima, akakuta wanaume wa umri ule wote wameshakufa au walikwenda migodi ya Zambia zamani na kupotelea huko. Waliobaki ni bibi tisa, wote wa miaka themanini na kitu, wote walioolewa na wana wa wapagazi. Akawaendea mmoja mmoja, akapiga magoti, akaamkia, akauliza: baba mkwe wako aliitwa nani? Na yule ndugu yake? Na yule wa nyumba ya juu?

Bibi wale walimjibu bila kusita. Mmoja alimtaja Aliyeondoka Mtama Ukiwa Mbichi. Mwingine akamtaja Mwenye Mlango Mweupe. Akaja Mpenda Asali, akaja Mkata Njia, akaja Baba wa Mvua Chache, yote kwa Kinyiha, lugha ya huko, na Kabula akayaandika kwa machozi ya furaha. Kwa mtu mwingine pengine majina yale yangezua maswali. Kwake hayakuzua hata moja. Yeye ni Kabula kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Kaka yake ni Nzala kwa kuwa alizaliwa mwaka wa njaa. Kwa Wasukuma jina ni habari ya siku ile, na Kabula aliona kawaida kabisa kwamba Wanyiha nao wana habari zao. Akaandika sura nzima kuhusu uzuri wa majina hayo. Walimu wake waliisifu sura hiyo kuliko zote, wakampa shahada, na baada ya muda mfupi wakampa kazi ya kufundisha hapo hapo chuoni.

Orodha ikaota miguu, ikarudi Nanyala. Kahawa ilikuwa imepata bei miaka ile, wanunuzi binafsi walikuwa wanagombana mjini Mlowo kama watani, na kitongoji kikaamua kuwajengea wapagazi ukuta wa kumbukumbu kando ya njia ya kanisani. Kila kaya ilileta tofali zake. Fundi Sunday, kijana aliyejenga nusu ya maduka ya Mlowo, alichora majina ishirini na matatu kwenye saruji mbichi kwa ncha ya msumari, akifuata karatasi ya Kabula herufi kwa herufi. Agosti 1998 ukuta ukazinduliwa, na mgeni wa heshima alikuwa mtoto wa mfugaji kutoka Kamsamba.

Alisoma majina kwa sauti iliyofika barabarani. Watu walipiga makofi, kwaya ikaimba, chakula kikaanza kunukia. Ndipo mzee mmoja mrefu aliyevaa koti zito akausogelea ukuta na kuanza kuusoma kwa kidole, tangu juu mpaka chini, halafu tena tangu juu. Alikuwa Zebedayo, mtoto wa mwisho wa mmoja wa wapagazi. Alikuwa amefanya kazi mgodini Kitwe, Zambia, miaka arobaini, na aliposikia huko kwa madereva wa malori ya Tunduma kwamba kwao kumejengwa ukuta, alipanda basi na miaka yake themanini na minne kuja kuliona jina la baba yake.

"Awe," alisema kwa ile hapana ya Kibemba aliyoizoea. "Baba hayumo."

"Yumo, babu," Kabula alimwambia kwa upole. "Pengine macho tu."

"Macho yangu mazima. Hayumo."

Bibi Nesta, mjane wa kaka yake Zebedayo, alikuwa ameketi mstari wa mbele. Ndiye aliyempa Kabula jina hilo miaka minne kabla. Aliinua fimbo akaelekeza mstari wa tatu. "Huyo hapo, shemeji. Mwenye Mlango Mweupe. Usitutie aibu mbele ya wageni."

"Huyo ni wa kwenu wanawake," Zebedayo alisema. "Baba yangu ni Halinga."

Jina lilipotoka, Nesta alivuta kitenge chake akajifunika uso mzima, akashuka kwenye kiti akakaa chini kwenye vumbi. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa Kabula. Alisimama pale na karatasi yake mkononi, mgeni wa heshima, akatazama kitenge kile na akaelewa mara moja kwamba orodha yake haikuwa na majina yenyewe. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Mama Tabita ndiye aliyemweleza jioni ile, wakimenya ndizi. Mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe, wala la ndugu zake baba mkwe, wala hakai naye mkeka mmoja. Akiingia kwenye ukoo anamtungia jina lake la heshima, na hilo ndilo watoto wake wanalolisikia mpaka wanazeeka nalo. Jina la pili la wajukuu ni la ukoo, na ukoo mzima unagawana hilo hilo, kwa hiyo huko nako hupati kitu. Likitamkwa jina lenyewe, mkwe anajifunika na kushuka chini; likiwa la ndugu yake baba mkwe, anajifunika tu.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilidhani unajua. Umekaa kwangu miaka minne."

Na kweli alikaa miaka minne. Lakini kisichosemwa hakisikiki, na Kabula hakuwahi kumsikia mama Tabita asichokisema.

Alirudi chuoni amenyong'onyea. Msomi mmoja mkubwa kazini kwake, mtu mwenye nia njema, alimshauri aandike tanbihi fupi chini ya ukurasa na kuendelea na maisha. Nani atakwenda Nanyala kuhakiki? Kabula aliwaza jambo hilo usiku mmoja, si zaidi. Yeye alikuwa amelalamika kwamba watu wale wamekumbukwa kwa idadi, halafu akasimamia ukuta ambao mtoto anausoma mara mbili bila kumwona baba yake. Asubuhi alimwambia mkubwa wake kwamba hataandika tanbihi. Ataandika sura, nayo itaitwa kosa langu. Mkubwa alicheka, akidhani ni utani. Sura hiyo ndiyo iliyompa Kabula udaktari, na mpaka leo ndiyo inayonukuliwa kuliko zote alizowahi kuandika, lakini hayo yalikuja baadaye. Kwanza ilibidi majina yapatikane, na waliokuwa nayo walikuwa wanakufa.

Zebedayo alitoa sita aliyoyakumbuka. Yaliyobaki kumi na saba, nani ayataje? Wana wengine wameshakufa, wajukuu hawakuwahi kuyasikia, wakwe hawawezi. Kabula alichora ukoo mzima kwenye karatasi za manila, akazibandika ukutani mpaka chumba kikawa hakina pa kutundika koti, na hapo akaona alichokuwa amekipita. Alikuwa ameuliza nyumbani, na nyumbani wamebaki walioolewa. Mabinti wa ukoo, ambao mpagazi ni baba yao na jina lake ni halali yao, walikuwa wameolewa kwingine. Ilibidi awatafute mashangazi.

Aliwatafuta miaka mitatu, kila likizo. Shangazi mmoja alikuwa Mlowo, nyuma ya mashine ya kukoboa kahawa, kiziwi, akayataja majina mawili kwa sauti iliyowafanya wapita njia wasimame. Mwingine alikuwa Tunduma, na nyumba ya mwanawe ilikaa karibu mno na foleni ya malori hata mazungumzo yao yakakatizwa na honi mara kumi. Wawili walikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wamekuwa Wazambia kwa kila kitu isipokuwa majina hayo. Walipoambiwa kwamba kuna mtu ametoka Dar es Salaam kuuliza jina la baba yao, mmoja alimshika Kabula mikono na kumtazama sana. Tangu alipoolewa, alisema, hakuwahi kuulizwa. Wakati mwingine Kabula alirudi na jina moja kwa safari ya wiki mbili, naye alipanda basi la kurudi amejaa fahari kama mtu aliyeshinda kiti cha ubunge.

Kufikia mwaka 2001 alikuwa na ishirini na mawili. La mwisho lilikuwa la baba mkwe wa bibi Ferista, yule aliyemwita Aliyeondoka Mtama Ukiwa Mbichi. Mpagazi huyo aliacha mtoto wa kiume mmoja, mume wa Ferista, aliyefariki zamani, na binti mmoja aliyeolewa Isongole. Kabula alikwenda Isongole. Alionyeshwa kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujakauka. Shangazi alikuwa amezikwa wiki tatu kabla. Alikaa kando ya kaburi lile akalia bila kujificha, yeye aliyesoma makaburi ya watu wengi kwa macho makavu.

Sasa jina hilo lilikuwa kwa mtu mmoja duniani, na mtu huyo hakuweza kulitamka. Bibi Ferista alikuwa na miaka tisini na moja, kifua kinamsumbua, na binti yake aliyemuuguza alisema wazi kwamba hafiki masika yajayo. Kabula alikaa naye siku mbili bila kuuliza. Siku ya tatu Ferista mwenyewe alianza.

"Najua unachokitaka, mjukuu. Nilipokuja hapa nimeolewa, yeye alikuwa ameshakwenda. Sikumwona hata kivuli. Mama mkwe alininong'oneza jina lake mara moja, ili nijue nisichopaswa kusema. Nami sijalisema. Unataka nilitamke leo?"

"Hapana, bibi," Kabula alisema, na alimaanisha.

Wazo lilikuja na Barnaba, mzee wa kanisa aliyekuwa msemaji wa ukoo, mtu wa miaka sitini hivi. Hakuwajua wapagazi, lakini aliyajua majina ambayo ukoo wao hurithishana, maana kila ukoo una yake na hauazimi kwa jirani. Ferista alisema kwamba kusikia si kusema. Basi wakamkalisha kigodani uani penye jua, Kabula akakaa pembeni yake, na Barnaba akasimama akaanza kuyataja majina polepole, kama mtu anayeita mahudhurio.

Ferista alisikiliza akiutazama mti wa parachichi. Majina kumi yalipita. Kwa Nzowa alivuta kitenge akajifunika uso, na Kabula akainua kalamu, lakini bibi alikifunua tena na kubaki kigodani. Kwa Shipela vilevile. Hao walikuwa ndugu zake tu, nao wameshapatikana. Barnaba aliendelea, sauti imeanza kukauka.

"Mbonile," alisema.

Bibi Ferista aliacha kigoda. Hakuna aliyemshika, alishuka mwenyewe kwa magoti yale ya miaka tisini na moja, akakaa chini, akajifunika, akainama mpaka paji la uso likakaribia ardhi. Alikaa hivyo muda mrefu. Alikuwa amelitunza jina la mtu asiyewahi kumwona kwa zaidi ya miaka sabini, na hapo ndipo Kabula alipojua kitu ambacho amekuwa akikifundisha tangu siku hiyo: kwamba wale ishirini na watatu hawakuwahi kukosa ukumbusho. Walikuwa na wanawake tisa waliojizuia kinywa kila siku kwa ajili yao. Hakuna mnara aliowahi kuusoma uliofanya kazi ngumu hivyo.

Barnaba aliitisha kikao, na fundi Sunday akaja na nyundo. Mpango ulikuwa kuuvunja ukuta wa zamani na kuanza upya na majina ya kweli. Kabula ndiye aliyesimama kuueleza, akaomba radhi kwa ukoo kwa kosa lake, akasema makosa yote yatapasuliwa kesho asubuhi. Alidhani atapigiwa makofi. Bibi Nesta akaomba kusema.

"Makosa yapi?" aliuliza. "Mwenye Mlango Mweupe si kosa. Nilimpa mimi. Mlango wake niliupaka chokaa mimi kila mwaka, yeye hayupo, mpaka nyumba ikaanguka. Shemeji Zebedayo anaye baba yake. Mimi ninaye wangu. Mnampasua kwa nini?"

Kabula, mwalimu wa balagha, amekiri mara nyingi kwamba hajawahi kusikia hotuba iliyomshinda vile, na ilikuwa ya sentensi saba.

Nyundo ikarudi kwenye mfuko. Sunday aliongeza upana wa ukuta, na kila mpagazi akaandikwa mara mbili: jina alilopewa na mama yake, na chini yake jina alilopewa na mkwe. Kabula akaongeza jambo moja kwa mamlaka yake mwenyewe. Kwenye mstari huo huo, kando, aliandikisha jina la mwanamke aliyemtunza.

Siku mbili kabla ya ukuta kufunguliwa kwa mara ya pili walimleta bibi Ferista kwenye kiti ili auone mapema, maana kifua kilikuwa hakitabiriki. Hakujua kusoma. Kabula aliushika mkono wake akauweka juu ya saruji, kidole kikafuata mifereji ya herufi.

"Hapa ni yule uliyemwita wewe," Kabula alimwelezea, bila kulitaja jina lenyewe. "Juu yake ni jina lake lenyewe. Na hapa pembeni ni wewe, bibi. Ferista."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

Bibi alitabasamu, na kwa kitambo kidogo Kabula aliona amefanya jambo kubwa kuliko shahada zake zote. Kisha Ferista alipima kwa kiganja nafasi iliyokuwa kati ya jina moja na jingine, akautoa mkono haraka.

"Mmeniketisha karibu naye," alisema. "Mkwe hakai mkeka mmoja na baba mkwe. Nitoeni."

Kabula hakubishana. Alikuwa ameshakosea mara moja kwa kutouliza, na sasa amekosea mara ya pili, na hakuona sababu ya kusubiri ya tatu. Alimwita Sunday, wakaziba majina yote ya wanawake wale tisa kwa saruji, wakazunguka nyuma ya ukuta, upande unaotazama mashamba ya kahawa, na huko Sunday akayachora upya kwa herufi kubwa kuliko za mbele. Ilimchukua mpaka jua linazama. Kiti cha Ferista kikabebwa mpaka upande huo, na mkono wake ukawekwa tena juu ya jina lake, saruji ikiwa bado mbichi kiasi cha kuachia alama ya kidole.

Aliuliza ukuta una unene gani. Sunday akamwambia tofali mbili.

"Hapa sawa," bibi Ferista alisema. "Hapa naweza kukaa."